Maswali yenu: "Kifua kinaongozaje?" na mengine ya wapenda dansi

Safari hii mmeandika mpaka nimeshindwa kuyajibu yote, yaliyofanana nimeyaunganisha na wale mlouliza kuhusu viatu mnisamehe, viatu nimeshaongelea mpaka mdomo umekauka. Kwa wageni: mi nimecheza dansi miaka 20 na ushee, stejini na kwenye kumbi za kucheza wawili wawili, sa hivi natunga zaidi kuliko ninavyocheza, goti la kushoto ndo limeamua ivo sio mimi. Haya tuanze.

SWALI: Mi ni mama wa watoto wawili, miaka 34. Mwaka jana nilianza klasi ya dansi nipunguze mwili tu. Mwili haujapungua hata kidogo ila klasi siwezi kukosa, nikisubiri maji yachemke nacheza, nikiwa kwenye foleni vidole vya miguu vinahesabu ndani ya viatu. Stejini siendi, hela sipati na wala sio fundi kivile. Juzi mume wangu kaniuliza kwa upole tu, "hivi unatafuta nini huko?" nikabaki namwangalia. Na mimi nakuuliza wewe, natafuta nini?

JIBU: Dada hutafuti kitu, ulishakipata ndo maana umekosa jibu. Fanya hivi, funga macho halafu peleka kidole puani. Umefika si ndio? Pua hujaiona, kidole hujakiona, ila umefika. Ndani ya misuli na kwenye maungio kuna vihisio vinavyopeleka taarifa kwenye ubongo muda wote, mkono uko wapi, goti limekunjwa kiasi gani, shingo imeelekea wapi, na siku nzima vinaongea na hakuna anayevisikiliza, tunavikumbuka siku tukijikwaa. Ukicheza ndo unakaa navyo kikao. Raha yake haihitaji mtu akuone, ndo maana inakukuta hata kwenye foleni.

Mi ilinikamata nina miaka 9. Nilikuwa nashuka ngazi nikakanyaga hewa, nikajua ndo naanguka, sasa badala ya kuanguka mwili ukazunguka wenyewe ukatua kwa miguu miwili kama paka. Unajua nilifanya nini, nikapanda juu tena nikakanyaga hewa makusudi. Nikarudia na kurudia mpaka mama akatoka kuuliza nani anabomoa nyumba. Yote niliyofanya stejini baada ya hapo ni ile ngazi, naifuata mpaka leo.

Na mumeo usimpe maelezo, hayatamwingia. Msimamishe mbele yako, mshikane mikono, miguu yenu ikaribiane, halafu wote mjiachie kwenda nyuma taratibu mpaka mikono inyooke, kila mmoja kabebwa na mwenzake. Mkae hapo sekunde 10. Akianza kucheka basi swali lake limeshajibiwa.

SWALI: Kaka hapa, nacheza dansi za wawili mwaka wa pili huu na mimi ndo naongoza. Patna wangu analalamika namvuta kama mkokoteni. Mwalimu kila siku "ongoza kwa kifua, sio mikono", nikimuuliza kifua kinaongozaje anarudia vilevile ila kwa sauti kubwa zaidi. Nisaidie.

JIBU: Pole kaka, hilo la kurudia kwa sauti kubwa walimu wengi tunalo, hata mimi. Mwalimu wako yuko sahihi ila kakuachia nusu ya maneno. Kinachoongoza ni uzito, kifua ni pale tu patna anapousomea.

Ngoja nieleze. Kabla hujapiga hatua yoyote mwili lazima uhame kwanza kutoka mguu huu kwenda ule, maana mguu uliobeba uzito hauinuki, jaribu uone. Sasa kile kitambo kidogo, mwili umeanza kuhama na mguu bado haujaondoka, ndo patna wako anasikia. Ukihama vizuri na yeye anahama bila kuambiwa. Ukimvuta mkono kabla hujahama umempa taarifa mbili zinazogombana, mkono unamwambia njoo na kifua kinamwambia mi bado nipo hapahapa, atakosaje kuwa mkokoteni? Mikono yako iwe kama kamba ya kuanikia nguo, ikilegea nguo zinaburuzika chini, ikikazwa sana inakatika.

Zoezi lenyewe hili. Shikaneni kama mnavyocheza siku zote, mziki zima, yeye afunge macho. We hamisha uzito kulia, kushoto, kulia, nyayo zisitoke sakafuni, halafu tulia kwenye mguu mmoja umuulize, niko mguu gani? Akipatia mara 10 mfululizo ndo muanze kutembea. Mi na patna wangu wa kwanza tulikaa kwenye hili zoezi wiki 3 nzima, wiki ya kwanza niliona tunapoteza muda, ya pili nikawa namchukia, ya tatu nikaanza kusikia kisigino chake, sijui nisemeje unielewe, kisigino cha mtu mwingine nakisikia kwenye mgongo wangu mimi. Toka hapo hakuna patna aliyenishangaza kwa kubadili mguu.

Na kuna kusimama tu. Mmarekani mmoja, Steve Paxton, ndo aliyeanzisha mwaka 1972 ule uchezaji wa kugusana bila kupanga, kontakti impruvizesheni, watu wanaegemeana, wanabingirika juu ya migongo ya wenzao, hakuna stepu za kukariri. Zoezi lake mojawapo ni kusimama wima umelegeza kila kitu kinachoweza kulegezwa, na kusikiliza jinsi mwili unavyojirekebisha wenyewe usianguke. Akaliita dansi ndogo. Watu wanadhani wakisimama wametulia kumbe kuna pilikapilika chini ya ngozi, kifundo cha mguu kinasahihisha, nyonga inajibu, na ukishaisikia pilikapilika yako mwenyewe ya patna hutapata shida kuisikia. Dakika 5 kabla ya mazoezi zinatosha, usijitie kusimama nusu saa ukapata kizunguzungu.

La mwisho kaka, hili wengi hawalipendi: nenda kafuate. Kwenye tango, ile iliyozaliwa Buenos Aires na Montevideo, mkao wa wawili unaitwa abrazo, yani kukumbatia, na zamani wanaume walikuwa wanafanya mazoezi wenyewe kwa wenyewe, kijana mgeni anaanza kwa kufuata, anaongozwa na wakubwa muda mrefu ndo baadae aruhusiwe kuongoza. Walijua walichokuwa wanafanya. Fuata miezi 3 na watu tofauti, utakutana na wanaokuvuta kama unavyomvuta mwenzio, bega litauma, na utajua kwamba anayefuata hajabebwa, yeye ndo anaamua hatua iwe ndefu kiasi gani, achelewe kidogo au awahi, apambe wapi, na mwongozaji mwenye akili anamsubiri amalize. Ukirudi kuongoza utakuwa mtu mwingine.

SWALI: Mke wangu anacheza na patna wake siku 3 kwa wiki. Nilienda kuwaona stejini, mchezo wa mapenzi, wakatazamana machoni mpaka nikaangalia pembeni. Niambie ukweli, hao hawana kitu?

JIBU: Shemeji, kwa mkeo siwezi kusema, simjui. Nikuambie nnachokijua. Tarehe 21 Februari 1962 huko London, wacheza baleti Margot Fonteyn na Rudolf Nureyev walicheza pamoja kwa mara ya kwanza, kwenye baleti ya Giselle. Fonteyn ni mama wa miaka 42, umri ambao wacheza baleti wengi walikuwa wameshastaafu, Nureyev ni kijana wa 23 na ndo kwanza mwaka mmoja kabla alikuwa kaikimbia Urusi ya Kisovieti. Wakaendelea kucheza wote miaka na miaka na watu hawakuacha kuulizana kama hawa wawili ni wapenzi, wanaulizana mpaka leo na wote wawili wameshafariki. Stejini ilionekana ndio, na stejini ilikuwa ndio kweli, kule kutazamana hakuigizwi kirahisi, lazima kwa dakika zile umuamini mtu kwa mwili wako wote.

Mi mwenyewe yalinikuta. Miezi 8 tunacheza dueti moja, yani dansi ya watu wawili, na jamaa, nikaamini nampenda, silali. Onyesho la mwisho likaisha, wiki iliyofuata tukakutana tu barabarani bila mziki, jamani tulikosa hata cha kuongea, tukaulizana habari za nyumbani mara mbili. Kumbe nilichokuwa nakipenda ni ile sekunde ya 40 ya dueti, anapogeuka na mgongo wake unanikuta. Wengine huwa inavuka mipaka, sikufichi, ila kwa kumtazama machoni huwezi kujua. Mwombe mkeo akufundishe ule mchezo, hata vibaya, hata sebuleni. Ukishabeba uzito wake kwa dakika 3 utauliza maswali mengine kabisa.

SWALI: Mwaka jana nilidondoshwa kwenye kuinuliwa, nikavunjika kifundo cha mkono. Kimepona ila kila patna akinishika kiunoni naganda. Wananiambia niamini tu. Naaminije?

JIBU: Mdogo wangu, wanaokuambia uamini tu wasikubebe. Imani haiji kwa kuambiwa, inaletwa na ufundi, na ufundi unaelezeka.

Kuganda kwako mwili unakulinda, haujakosea, ila kuna shida ndogo, inategemea unaganda vipi. Umewahi kubeba mtoto aliyelala? Ni yuleyule uliyembeba akiwa macho ila sasa amekuwa gunia, kila kiungo kinaenda kwake. Kilo hazijaongezeka, ila aliye macho anajishikilia mwenyewe. Anayeinuliwa anatakiwa awe mtoto aliye macho, tumbo limekaza, mbavu zimefungwa, mabega chini, anamkandamiza patna kwa mikono na yeye. Aliyeganda kwa woga anakaza shingo na mabega na kuacha tumbo, halafu anaegemea mbali na patna, na hapo ndo uzito unaenda mbali na mwili wa anayebeba na unamlemea kweli. Ukaribu ndo kila kitu. Ndoo ya maji unaibeba karibu na mguu, huinyooshei mkono.

Halafu kuinuliwa ni kuruka. Unakunja magoti, unaruka wewe mwenyewe, na yeye anakudaka ukiwa unapanda, anaongezea pale nguvu yako inapokaribia kuisha, kwa kusukuma na miguu yake, mgongo umenyooka. Akianza kukuvuta ukiwa bado chini anainua maiti, akichelewa unashuka yeye anapandisha, mnagongana. Wengi wanaodondoshana hawakukosa nguvu, walikosa muda. Kwahiyo fanyeni kuruka tu, anakushika kiunoni na hakuinui, mnakunja wote mnaruka wote mnahema wote, mara 20, mara 50, mpaka mkiruka usisikie mikono yake kabisa. Baada ya hapo aongeze kidogo tu.

Na anza na kushuka. Mwaka 1935 Frankie Manning alipoingiza mruko wa kwanza wa hewani kwenye lindi hopu, dansi ya wawili ya Wamarekani weusi, pale ukumbi wa Savoy huko Harlem, patna alipita juu ya mgongo wake akatua mbele kwa miguu na dansi ikaendelea kwenye biti. Wanaoiga leo wanawaza jinsi ya kwenda juu, mi nikiitazama naona kutua. Jifunze kwanza kutoka, ukiyumba unatokaje, mguu gani unafika chini kwanza, yeye anakushika wapi wakati unashuka. Na awepo mtu wa tatu pembeni, kazi yake kukudaka tu, asichati na simu.

Kuhusu yule aliyekudondosha hujasema kitu. Kama alikuja akakaa na wewe mkaangalia kosa lilikuwa wapi, mpe nafasi. Kama alisema "uliruka vibaya" akaendelea na maisha yake, usimwachie uzito wako tena, hata kama stejini anapendeza.

SWALI: Nimekabidhiwa kikundi cha vijana 11 niwatungie dansi ya dakika 7. Nimekwama. Kila nikipanga stepu naona nimeiga video fulani, na hawa vijana wenyewe wawili wanachelewa kila siku, mmoja hajui kuzunguka. Natoa wapi kitu changu?

JIBU: Kitu chako umeshakiandika hapo juu, hujakiona tu. 11! Wapange wawili wawili, ni jozi 5 na mmoja anabaki. Huyo anayebaki ndo dansi yako. Anabakije, nani anamwangalia, lini anaiba patna wa mwenzake, nani anabaki baada ya hapo. Yani mi hapa nakuonea wivu, ungekuwa na 12 ungepata tabu kweli.

Utani pembeni, kuna kisa hiki. Mwaka 1934 mtunzi wa baleti George Balanchine ndo kwanza kaanza kufundisha shule mpya ya baleti New York, wanafunzi bado wachanga, akaamua kuwatungia kitu palepale darasani na mziki wa Tchaikovsky. Siku ya kwanza wamekuja wasichana 17, hesabu mbovu ya kupanga mistari, akapanga hao hao 17. Siku nyingine wamekuja wachache, akatunga kwa wachache. Msichana mmoja akaanguka, anguko likaingia kwenye dansi. Mwingine akachelewa, kuchelewa kukaingia, anaingia wenzake wamesimama tayari na yeye anatafuta nafasi yake. Hiyo dansi inaitwa Serenade, inachezwa mpaka leo na makampuni makubwa ya baleti, na kila usiku msichana anachelewa pale pale. Sasa we una wawili wanaochelewa bure kabisa na unawagombeza.

Huyo asiyejua kuzunguka, anajua nini? Muulize. Mjerumani Pina Bausch, aliyeongoza kikundi cha Wuppertal kuanzia 1973, alikuwa anawauliza wachezaji wake maswali na wanajibu kwa maneno au kwa mwili, kutoka kwenye majibu anapata onyesho. Waulize wako kitu kidogo, sio "upendo ni nini" watakuletea mikono kifuani wote. Uliza, unasimamaje ukisubiri mtu asiyekuja? Utapata misimamo 11, chagua 3, kila mmoja ajifunze zote 3. Hapo una sentensi yako ya kwanza, hakuna video yenye hiyo.

Halafu ichezee hiyo sentensi. Ifanye chini sakafuni, ifanye polepole mara mbili, ianzie mwisho, nusu wafanye wakiangalia nyuma, wawili waifanye wameshikana viganja uone nini kinagoma. Pale inapogoma wanapogusana ndo pazuri, patna anakulazimisha uamue. Usiongeze stepu mpya mpaka hii moja imekuchosha, mi makosa yangu yote ya ujana yalikuwa stepu nyingi, dakika 7 nimejaza vitu vya dakika 40 na watazamaji wanakumbuka mavazi tu.

Na usiogope kusimama. Mtunzi wa dansi Mmarekani, Paul Taylor, mwaka 1957 alitunga dueti ambayo yeye kasimama na mwenzake kakaa, mwanzo mpaka mwisho hakuna anayetikisika. Mhakiki mmoja wa jarida la dansi akaandika uhakiki wake, nafasi tupu, nyeupe, chini herufi za mwanzo za jina lake. Sikushauri ufike huko, vijana watakukimbia. Ila sekunde 8 za wote 11 kutulia, baada ya vurugu, utasikia ukumbi unahema.

SWALI: Nikizunguka napata kizunguzungu, wenzangu wanawezaje?

JIBU: Wanadanganya kichwa. Ndani ya sikio kuna majimaji, ukizunguka yanazunguka, ukisimama yanaendelea kidogo ndo maana ukumbi unakuzunguka. Chagua doa ukutani, mwili uanze kugeuka na macho yabaki pale, shingo ikishindwa kichwa kinapiga haraka na kurudi kwenye doa lilelile. Anza taratibu, mzunguko mmoja mmoja, na pande zote mbili. Na hata wenzako wanapata sema wanaficha.

SWALI: Nasahau stepu stejini, hasa za dueti. Nina onyesho mwezi ujao.

JIBU: Rudia kwa mikono, umekaa, umelala, kwenye gari, viganja ndo miguu, wacheza wengi wanafanya hivyo wakati wa kupumzisha mwili. Anzia katikati siku moja moja, usianzie mwanzo kila siku, maana mtu anayejua kuanzia mwanzo tu akikatika amekwisha. Kwenye dueti kariri pia za mwenzio.

Na ikitokea umesahau kabisa, usimtazame usoni, watazamaji wataona. Mpe uzito, muegemee kidogo, atajua. Mi kuna siku kichwa kilikuwa cheupe kabisa, nikamwegemea patna, na yeye akaniegemea, tukakaa hapo biti 8 nzima tumesimama tumelaliana mabega, halafu wote tukaondoka na mguu wa kulia. Nyuma ya pazia nikamshukuru kwa kuniokoa, akanishangaa. Na yeye alikuwa kasahau.